Wimbo Wenye Shimo

Fundi yule hakuitwa Sikio kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa hata hayo hayakuwa haba. Jina alijipa mwenyewe. Asubuhi moja aliingia karakana ya ushonaji amevaa visikilizio vya kufunika nusu ya kichwa, akavivua polepole ili kila mtu aone, akatangaza kwamba Mungu humpa kila mja kipaji chake: wengine amewapa sauti, wengine amewapa sura, na yeye amempa sikio. Wenzake wakatazamana. "Haya bwana," wakasema, "Sikio." Wao waliona wamemkejeli, yeye akaona wamemtawaza, na jina likakaa.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani za miguu zilizopangwa safu mbili zikitazamana, harufu ya mafuta ya mashine, na vipande vya uzi vinavyomng'ang'ania mtu kwenye soksi mpaka nyumbani kwake. Mbele, penye mwanga wa dirisha, palikuwa na meza ya kukatia ya Mzee Makasi, aliyekuwa amekata suruali nyingi kuliko milo aliyokula. Nyuma yake alikaa Fundi Kola, bingwa wa kola za mashati, mtu wa kuachwa na wachumba. Na mkabala na Sikio, goti kwa goti, alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mwenye duka walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mjane, hacheki ovyo, na funguo zote za pale zilining'inia kiunoni mwake.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kwenye rafu, juu ya pasi, palikuwa na spika moja nyeusi, na kila asubuhi fundi mmoja kwa zamu yake aliunganisha simu na kuwapigia wenzake kitu kipya alichokiokota mtandaoni. Kitu hicho walikiita windo. "Leo windo la nani?" mtu angeuliza huku bado anapachika bobini ya uzi, na mwenye zamu angejibu, "Langu, kaeni mkao wa kula." Sheria ilikuwa moja tu: windo ni la aliyelileta kwanza. Kumwibia fundi windo lake ilikuwa fedheha kuliko kumwibia mkasi.

Kila mtu na ladha yake. Mzee Makasi, na mvi zake zote, alipenda bitiboksi, wale watu wanaopiga ngoma na tarumbeta kwa mdomo mtupu. "Huyu hapa hana hata kijiko mkononi," angesema, mkasi ukiwa hewani, kwa mshangao uleule wa siku zote. "Mdomo tu! Mdomo huuhuu wa kunywea chai!" Fundi Kola alileta rimiksi za nyimbo za mapenzi za zamani, zilizowekewa mdundo mpya chini ili mtu alie huku mabega yanacheza. Shemeji alipenda elektroniki, ile ya mashine tupu, isiyo na mwimbaji wala mpigaji. Alisema angalau mashine hailalamiki kwamba imeachwa. Fundi Kola alinuna mpaka jioni.

Na Sikio? Sikio hakulipenda windo la mtu yeyote. Ukimpigia wimbo uliotoka jana, yeye alikwisha kuusikia juzi. Ukimwambia besi yake tamu, angekuuliza kwa upole wa kuudhi kama umewahi kusikia besi kweli, au unasikiaga tu. "Huu ulikuwa mzuri kabla watu hawajaujua," angesema, na hapo mwenye windo angejiona amewaletea wenzake kiporo kilichochacha. Zamu yake ilipofika, lo, kazi ilikuwepo! Alieleza kabla ya wimbo, akaeleza katikati ya wimbo, na ulipokwisha akaeleza walichopaswa kukisikia. "Huu," angesema, "duniani hawafiki hata mia waliousikia."

"Na hao mia," shemeji angeuliza, "wapo salama?"

Debe tupu haliachi kuvuma, na kama debe lile lingeishia kuvuma tu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini siku moja Bi Mkubwa alisimama katikati ya karakana, akasema binti yake amejifungua mapacha huko mbali na anahitaji mama. Yeye ataondoka, hajui atarudi lini. "Mmoja wenu atashika hizi," akasema, akipigapiga funguo kiunoni. "Nitamtaja tukishakabidhi suruali za walinzi."

Tangu siku hiyo Sikio hakulala usingizi wa maana. Aliutaka usimamizi jinsi mgonjwa anavyoutaka uzima. Msimamizi hukaa kwenye kiti chenye mto. Msimamizi huwaambia wengine, "Hebu rudia." Na juu ya yote, kwa mawazo ya Sikio, msimamizi ndiye angeishika spika, kila siku, bila zamu, na watu wangefundishwa kusikiliza watake wasitake. Kosa lake lilikuwa kumwambia mkewe. Mkewe hakuwa mtu wa kusubiri jambo litokee ndipo alisherehekee. Alimwambia jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na wanawake wote wa chama chao, na kabla wiki haijaisha walishaanza kumwita Mama Msimamizi, naye aliitika. Akapigilia msumari ukutani, karibu na mlango, akasema huo ni wa kutundikia funguo. Kila alipotoka kwenda kazini, Sikio aliupita ule msumari mtupu akaugusa kwa kidole.

Suruali za walinzi zilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizopata mwaka ule. Kitambaa kigumu, rangi ya samawati iliyokolea, na mteja mwenyewe alikuwa mkuu wa walinzi wa kampuni moja, jitu la kifua kipana waliyemwita Afande, ambaye hata "habari za asubuhi" aliitoa kama amri. Bi Mkubwa alitaka ziishe mapema. Mafundi walijikokota. Na hapo ndipo Sikio alipolileta windo la maisha yake.

Aliingia asubuhi hiyo bila salamu, macho mekundu ya kukesha na simu. Haikuwa zamu yake, ilikuwa ya Fundi Kola, lakini alimwomba kwa unyenyekevu ambao haukuwahi kuonekana mle ndani, na Kola kwa kushtuka akampa. "Jamani," akasema Sikio, "leo sielezi kitu. Sikilizeni tu." Kisha akaeleza kwa muda mrefu.

Tuseme ukweli, maana hata mtu wa kujisifu huokota dhahabu siku moja moja: wimbo ulikuwa mkali. Ulianza na mtu anayepiga bitiboksi peke yake, pu-ka, pu-pu-ka, pumzi yake ikisikika. Halafu mashine zikajiunga naye moja moja, zikamkatakata, zikamrudisha kinyumenyume, sauti ikapanda na kupanda mpaka mafundi wakaacha kushona. Halafu kila kitu kikanyamaza. Kimya! Mzee Makasi akadhani umeme wa spika umekatika, akainua mkono. Kabla hajaushusha, besi ikaanguka yote kwa pamoja na vikombe vya chai vikatetemeka kwenye rafu.

"Mdomo!" akapiga kelele Mzee Makasi. "Yule ni mtu na mdomo wake!"

Hata shemeji alikubali. Alikunja midomo, akatikisa kichwa, akasema, "Shemeji, leo umepatia." Sikio alivimba mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Akawaambia kile kimya cha katikati kina jina, na jina lake ni shimo, na jina hilo amelitoa yeye. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema. "Mnadhani walikuwa wanasema nini? Walikuwa wanasema hili shimo."

Kufika mchana akagundua jambo jingine. Fundi wa cherehani ya miguu hukanyaga kwa mdundo, apende asipende. Ukimpigia wimbo wa haraka, gurudumu nalo linakimbia. Na wimbo ule, ukiuanzisha pale sindano inaposhuka kiunoni mwa suruali, uliisha pale mshono wa nyuma unapomalizika. Wimbo mmoja, mshono mmoja. Sikio alipoligundua hilo alisimama juu ya kiti. Akaagiza kila mtu aanze kwa pamoja naye, akanyage naye, na wakifika kwenye shimo miguu yote isimame, macho yafumbwe. "Shimo haliangaliwi," akasema. "Shimo husikilizwa!"

Basi ikawa ni raha. Safu mbili za mafundi, miguu inakanyaga pamoja, cherehani zinanguruma, halafu ghafla kimya, macho yote yamefumbwa, vichwa vimeinama, halafu, bu! Miguu yote inashuka. Suruali zikaanza kurundikana mezani. Bi Mkubwa alizoea kupita mlangoni akiwa amekunja uso, sasa akawa anasimama kidogo, anatazama, kisha anaondoka. Siku ya kukabidhi mzigo, kabla ya tarehe waliyoahidi, alimwambia Sikio mbele ya watu, "Umewachangamsha wenzako. Nimeliona. Jina nitalitaja kesho."

Nimeliona! Sikio alilibeba neno hilo nyumbani mikononi kama yai. Mkewe alinunua soda, wakanywa na majirani wawili.

Afande alirudi kabla ya chai ya saa nne siku iliyofuata. Hakuja na salamu. Alikuja na vijana wawili waliobeba magunia, akayamwaga sakafuni, na suruali za samawati zikajaa mpaka kwenye miguu ya cherehani.

"Nani ameshona hizi?" akanguruma.

Bi Mkubwa alimtaka akae kwanza. Afande akasema hakai, na mpaka wapate suruali nyingine hakuna mlinzi wake atakayekaa, wala kuchuchumaa, wala kuinama kufunga kamba ya kiatu. Leo asubuhi, akaeleza, mkurugenzi wa kampuni alikuja kuwakagua. Wageni wapo, wapiga picha wapo. Akawapanga vijana, wakanyooka, wakapendeza. Akaamuru, "Chini!" Wakashuka.

"Zikapasuka," akasema Bi Mkubwa kwa sauti ndogo.

"Kupasuka ni neno dogo, mama. Zilipasuka zote. Kwa sauti moja! Miaka na miaka nawafundisha hawa vijana kufanya jambo kwa pamoja wanashindwa. Leo wameweza!"

Fundi Kola alijifanya anatafuta sindano chini ya meza, mabega yake yanatikisika. Bi Mkubwa hakucheka. Aliinama, akaokota suruali moja, akaigeuza ndani nje. Akaokota ya pili. Akaokota nyingine. Mshono wa nyuma umefumuka palepale, chini ya makalio, pale penye mpindo, katika kila suruali. Mshono wa kwanza umefumuka, na ule wa pili wa kuimarisha nao umefumuka hapohapo.

Sikio naye alikuwa ameokota moja. Alipitisha kidole kutoka kiunoni kushuka chini, na kidole kilipokuwa kinashuka, kichwani mwake, bila kukaribishwa, wimbo ukaanza. Pu-ka, pu-pu-ka. Mashine zikaingia, sauti ikapanda, ikapanda. Kidole kilifika penye mpindo hasa pale kimya kilipofika.

Kwenye shimo, miguu yote ilisimama. Lakini mikono, jamani, mikono ilishazoea mwendo, na macho yamefumbwa! Mikono ilikuwa inaendelea kuvuta kitambaa bila sindano kugusa, halafu besi ikianguka miguu inashuka kwa pupa, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajiviringa. Matokeo yake ni mshono mmoja mrefu wa kipumbavu, umelegea, katikati ya mishono mizuri. Na mshono wa pili nao ulishonwa kwa wimbo uleule, ukaruka palepale. Pasi ikapita juu, kila kitu kikaonekana safi.

Alitia mkono mfukoni, akaizima simu.

Bi Mkubwa alikuwa bado anafikiri, na alikuwa mtu wa kufikiri kwa sauti. "Kosa la fundi mmoja," akasema, "lingekuwa kwenye suruali zake peke yake. Kosa la suruali zote ni la mtu aliyezigusa zote." Aliyezigusa zote alikuwa mmoja. Watu wakageuza vichwa mbele, penye mwanga wa dirisha.

Mzee Makasi alichukua suruali, akaipima na kamba yake ya kupimia, akaipima tena. "Nimeacha nafasi," akasema. "Bi Mkubwa, mimi sijawahi kubana nyuma. Nimeacha nafasi, angalia." Akamnyooshea kamba. Bi Mkubwa aliangalia, na uso wake ulionyesha kwamba analichukia hili neno kabla hajalitamka. Alimwomba auweke mkasi mezani, apumzike kwanza nyumbani, wataongea.

Mtu angetegemea Sikio aseme kitu. Alimwonea mzee huruma, hilo tusimnyime. Alimwonea huruma kabisa. Lakini alikuwa na mpango: akishapewa funguo, jambo la kwanza atakalofanya ni kumrudisha Mzee Makasi kazini, kwa heshima, tena labda kwa hotuba fupi. Kumtetea sasa ilikuwa ni haraka isiyo na baraka. Kwa hiyo alitazama dari, akakohoa, akasema kweli siku hizi vitambaa havina uaminifu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa akimla Mzee Makasi alikaa goti kwa goti na shemeji yake. Shemeji alikuwa ameishika suruali moja, ametazama mshono, akatazama spika juu ya rafu, kisha akamtazama Sikio, na hakuondoa macho. Sikio akajifanya ana kitu jichoni.

"Bi Mkubwa," akasema shemeji, "kabla Mzee hajatoka. Afande asione tumemfukuza mtu bila kupima. Tushone suruali moja hapa, mbele yake. Kama ni mkato, itaonekana."

Bi Mkubwa akakubali. Sikio naye akaona ni sawa, tena akajitolea kushona, maana akishona bila muziki mshono ungenyooka kama rula, na lawama ingebaki kwenye mkasi wa mzee, basi tena. Alikwisha kukaa na kupachika uzi wakati shemeji aliponyanyuka kwenda kwenye rafu.

"Unafanya nini?" akauliza Sikio.

"Naweka wimbo. Si tulishona na wimbo?"

"Spika haina chaji."

"Inayo," akasema shemeji, akaiunganisha na simu yake, ambamo naye aliuhifadhi wimbo, akabonyeza, ikalia. Akamgeukia Afande kwa adabu zote. "Utusamehe, baba. Sisi hatuwezi kushona bila muziki. Nitakuwekea windo langu, yaani wimbo nilioutafuta mwenyewe mtandaoni. Wote hapa wanaupenda."

Sikio alihisi kitu kikimchoma mbavuni. Windo lake yeye? Akajiambia atulie. Mwache aseme, ni maneno tu, msumari ukutani unasubiri funguo. Shika moyo.

"Kumbe wewe ndiye mpenzi wa muziki?" akauliza Afande, sauti imelainika kidogo.

"Aa, mimi naokotaokota tu," akasema shemeji. "Ila huu nilijua nilipousikia tu. Nikawaambia jamaa, huu utatufaa."

Fundi Kola alifungua mdomo kusahihisha. Shemeji alimkanyaga. Wimbo ukaanza, pu-ka, pu-pu-ka, na Sikio akaanza kukanyaga taratibu makusudi, nje ya mdundo, meno yameumana. Vizuri. Mshono ulikuwa unanyooka. Angeshinda. Afande aliinamisha kichwa kusikiliza, na mguu wake mkubwa ukaanza kugonga sakafu.

"Mzuri," akasema Afande. "Mzuri sana huu. Hiki kinacholia ni nini, ngoma?"

"Ngoma, ndiyo," akasema shemeji, macho makavu. "Kama ndoo vile. Nadhani ni mtu anapiga ndoo ya plastiki."

Ndoo ya plastiki!

Cherehani ya Sikio ilisimama. Wapo watu wanaoweza kuvumilia kuibiwa. Wapo hata wanaoweza kuvumilia kuibiwa mbele za watu. Lakini kuibiwa na mwizi asiyejua thamani ya alichoiba, hilo Sikio hakuumbwa nalo. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma.

"Ni mdomo!" akapiga kelele. "Mdomo! Bitiboksi hiyo, si ndoo! Na si lako! Huyu hajaupata, Afande, huyu hajui hata anachosikia! Windo ni langu! Mimi ndiye niliyelileta, mimi!"

"Wewe?" akasema shemeji kwa mshangao mkubwa. "Mbona mimi nakumbuka..."

"Unakumbuka nini? Nani aligundua kwamba wimbo mmoja ni mshono mmoja? Nani aliwafundisha kukanyaga pamoja? Nani alilipa shimo jina lake? Hilo hapo, sikiliza, hilo!" Kweli kimya kilikuwa kimefika, na sauti yake ikabaki peke yake chumbani, imejaa kila pembe. "Hapo miguu yote inasimama, na ni mimi niliyesema isimame!"

Besi ikaanguka. Hakuna aliyekanyaga.

Bi Mkubwa aliinua mkono, shemeji akazima spika. Mwenye duka alikuja polepole mpaka kwenye cherehani ya Sikio, akaokota suruali moja kati ya zile zilizofumuka, akaiweka mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Miguu inasimama," akasema. "Na mikono inafanya nini?"

Sikio alitazama mikono yake. Ilikuwa bado imekunjwa hewani, kama inavuta kitambaa. Aliishusha.

"Na macho?" akauliza Bi Mkubwa.

"Yalikuwa yamefumbwa," akajibu Fundi Kola kwa huzuni. "Alituambia shimo haliangaliwi."

Afande alielewa wa mwisho, lakini alipoelewa alicheka mpaka akakaa, yeye aliyesema hakai, juu ya rundo la suruali zake mwenyewe. Mzee Makasi hakucheka. Alikwenda mezani, akauchukua mkasi wake, akaufuta kwa shati, akauliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ulijua, Sikio? Pale nilipokuwa napima, ulikuwa unajua?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema uongo mmoja mdogo. Sikio alimtazama mzee usoni, akashindwa kuupata.

"Nilikuwa nikurudishe," akasema. "Nikishapata."

"Sikio la kufa," akasema Bi Mkubwa, na hakumalizia, maana nusu ya pili kila mtu aliijua. Alimgeukia shemeji. Akamwuliza suruali zote hizi kufumua na kushona upya zitachukua muda gani. Shemeji akasema siku mbili, wakishona kwa kimya na macho wazi. Bi Mkubwa akazifungua funguo kiunoni, akamkabidhi hapohapo, bila hotuba. Wala hakumfukuza Sikio. Alimpa kile kijisu kidogo cha kufumulia na rundo zima, akasema kazi ya kufumua ni yake peke yake.

Sikio alifumua mpaka jioni, kichwa chini. Kuna jambo moja tu alilouliza siku nzima, nalo aliliuliza alipokuwa anavaa koti, wenzake wakifunga madirisha. Alisimama mlangoni, akawauliza kama angalau wanakubali, kwa haki, kwamba windo lilikuwa lake.

Watu wakatazamana. "Ni lako," akasema Mzee Makasi. "Hilo ni lako kabisa," akasema Fundi Kola. Shemeji, akijaribu funguo kwenye kufuli moja baada ya nyingine, akasema hakuna mwingine aliye nalo.

Nyumbani mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake majirani wawili na chupa za soda zisizofunguliwa. Hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Haya, baba, tuambie! Wamekubali?"

"Wamekubali," akasema Sikio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo shingo yake ilinyooka. "Wote, hata mdogo wako. Wamesema ni wangu."

"Usimamizi!" mkewe akapiga kigelegele.

"Wimbo," akasema Sikio.